Hakuna Krosova ya Saizi Zote

Wacha niseme hii kitu mara moja, halafu mnitukane mkitaka: spika nyingi ambazo watu wanaziita mbovu hapa Nairobi si mbovu. Zimefungwa krosova isiyo yao. Mtu anashuka Luthuli Avenue, ananunua wufa safi, ananunua twita safi, halafu krosova anachukua yoyote iliyo karibu na mkono wa muuzaji kwa sababu ameambiwa "hii inaingia spika yoyote". Hakuna krosova inayoingia spika yoyote. Hakuna, buda.

Kwa wale hawajawahi kufungua boksi: krosova ni kabodi kadogo ndani ambako kazi yake ni kugawa mziki. Besi inaenda kwa wufa, sauti za juu zinaenda kwa twita. Ile rahisi kabisa ina vitu viwili tu. Kuna koili ya waya wa shaba kwa njia ya wufa, inazuia sauti za juu. Kuna kapasita kwa njia ya twita, inazuia za chini. Sasa hapa ndipo wauzaji wengi hutoroka swali. Koili na kapasita peke yao hazijui pa kukata. Pa kukata panatokana na hizo pamoja na ohmu za spika uliyofunga. Ukibadilisha spika, umehamisha mpaka, hata kama hujagusa krosova.

Spika za nyumbani nyingi ni ohmu 8, ingawa za 6 na za 4 pia ziko. Za gari nyingi ni 4, kwa sababu gari lina volti 12 tu na ohmu zikiwa chache amplifaya inasukuma nguvu zaidi. Chukua krosova rahisi iliyotengenezewa ohmu 8, ikate kwenye hezi 3,000. Kapasita yake ni kama mikrofaradi 6.6, koili kama milihenri 0.42. Ifunge na spika za gari za ohmu 4 uone maajabu. Twita sasa inaanza kazi kwenye 6,000. Wufa inachoka kwenye 1,500. Kila mmoja amerudi nyuma, na hapo katikati kumebaki shimo. Pale kwenye 3,000 sauti imeshuka kama desibeli 8.

Na pale kwenye shimo ndipo kuna nini? Maneno ya watu. Sauti nene ya mtangazaji utaisikia, lakini zile s, f, t na sh zinazokufanya ujue amesema "sita" na si "fika" zinakaa huko juu, kuanzia 2,000 hivi kwenda mbele.

Baba yangu alikaa na hilo shimo karibu miaka miwili. Alitengenezewa boksi mbili na fundi mmoja wa mjini, kazi ya mbao nzuri sana, sitadanganya, na ndani kukawekwa spika za gari juu ya krosova ya nyumbani. Kila taarifa ya habari saa moja jioni ilikuwa "amesema nini?" Mama anarudia. Anarudia tena kwa sauti. Mwishowe nyumba nzima tukazoea kumpigia kelele hata akiwa amekaa karibu, na dadangu akaanza kuweka pesa ya kumnunulia kifaa cha masikio. Baba mwenyewe alikuwa amekubali. Alianza kunyamaza wageni wakija. Hiyo ndiyo iliniuma, kwa sababu mzee wangu ni mtu wa stori.

Kitu kilichonishtua ni kuwa kwenye simu alikuwa ananisikia bila shida. Mtu masikio yameisha vipi halafu simu anasikia? Siku moja nikafungua boksi na mita yangu. Wufa ilisoma ohmu 3.4, twita 3.6. (Mita husoma chini kidogo ya namba iliyoandikwa. Spika ya 4 itakupa tatu na kitu, ya 8 itakupa sita au saba.) Kapasita ilikuwa imeandikwa 6.8. Sikuhitaji kuendelea kutafuta.

Nilinunua kapasita nyingine mbili za 6.8, nikafunga moja kwa kila boksi sambamba na ile ya zamani. Kapasita zikiwa sambamba zinajumlishwa, kwa hiyo nikapata 13.6, na twita ikarudi karibu na 3,000. Koili ndiyo ilinitesa. Inatakiwa ibaki na nusu ya milihenri, lakini usikate nusu ya waya, utapotea. Nguvu ya koili inafuata kipeo cha pili cha mizunguko, kwa hiyo ukitoa karibu thuluthi tu ya mizunguko umefika. Nilifungua kidogo kidogo nikipima na mita ya beshte yangu hadi ikasoma 0.21. Gharama yote haikufika mia tano.

Jioni Baba akatazama habari kama kawaida. Dakika kadhaa zikapita hakuna "amesema nini". Halafu akamgeukia Mama: "Kwani huyu mtangazaji amebadilishwa?"

Sisemi mzee ana masikio ya kijana. Bado tunampeleka kupimwa mwezi ujao, na kama atahitaji kifaa atanunuliwa. Lakini nina hasira na ile "inaingia spika yoyote". Hayo maneno matatu yalikaribia kumfanya mtu aondoke kwa mazungumzo ya nyumba yake.

Kosa la upande ule mwingine liko pia, na hilo linakula pesa. Ukifunga krosova rahisi ya ohmu 4 kwa spika za 8, twita inaanza kufanya kazi kuanzia 1,500 wakati ilitakiwa ingoje 3,000. Koili yake ndani ni nyembamba kama uzi. Ongeza sauti siku ya pati, imeungua. Halafu unarudi dukani kununua twita ingine ya kuungua.

Watu wa nganya hawa shida hii wengi hawana, na si kwa sababu wana pesa. Wanakata mziki kabla haujafika kwa amplifaya, kwa krosova ya elektroniki, halafu kila spika inapata amplifaya yake. Ukikata mapema hivyo, ohmu za spika hazihamishi mpaka. Kama uko na nafasi na waya, hiyo ndiyo njia mimi napenda. Kwa sebule ya kawaida ni kujisumbua.

Mnaniuliza kila siku kama nilisoma haya chuo. Niliacha chuo mwaka wa pili, uhandisi wa umeme. Fomula ya kapasita nilifundishwa, nikaiandika kwa mtihani, nikapita. Hakuna aliyewahi kuleta spika darasani.

Mengine mawili haraka. Angalia desibeli za spika zako. Twita ya 92 juu ya wufa ya 87 itakupigia kelele hata krosova ikiwa sawa, kwa hiyo utahitaji rezista za kuipunguza. Na kapasita ya twita iwe ile isiyo na upande wa chanya na hasi. Hizo za kung'olewa kwa pawasaplai kuukuu wachana nazo.

Geuza spika yako leo uangalie nyuma imeandikwa ohmu ngapi, halafu angalia krosova inasema ngapi. Kama krosova haijaandikwa kitu, muulize aliyekuuzia. Nataka kujua atakujibu nini.