Nusu Fainali Isiyo Yetu

Na Mwanafunzi, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba penye wengi pana mengi. Ndugu msomaji, ukitilia shaka msemo huo, nenda uketi na mashabiki wa raga siku mbili kabla ya nusu fainali. Utasikia mengi, na mengine hayahusu mpira hata kidogo.

Nazungumzia Kombe la Dunia la mwaka 2023 lililochezewa Ufaransa. Wakati huo nilikuwa Kidato cha Kwanza. Timu nne zilikuwa zimesalia. Argentina na New Zealand zilikuwa zipambane Ijumaa tarehe 20 Oktoba, nazo Uingereza na Afrika Kusini Jumamosi, zote saa nne usiku kwa saa za kwetu. Ijumaa hiyo ilikuwa Sikukuu ya Mashujaa, hakuna masomo, nami nikatumwa Bungoma kwa mjomba wangu.

Mabishano yalianzia stendi ya Kitale kabla matatu haijajaa. Makanga alikuwa upande wa New Zealand. "Argentina wamefika hapa kwa bahati," alisema huku akipiga mlango kofi. "Leo watalia." Mama mmoja aliyekuwa amepakata vifaranga katika katoni akamjibu bila kumtazama, "Aliyemfunga Wales 29 kwa 17 hana bahati, ana nguvu." Abiria waliangua kicheko. Tulipita Kiminini na Kamukuywa wangali wanabishana, na tulipofika Webuye hata dereva alikuwa amejitosa. Usiku huo makanga alikuwa na haki ya kucheka mwisho, kwani New Zealand ilishinda 44 kwa 6.

Lakini mjadala mkubwa ulikuwa Jumamosi mchana, uani kwa mjomba. Sisi kwa Kibukusu humwita khocha. Yeye alikuwa wa Uingereza.

"Hesabu ni hesabu," alisema. "Zimebaki timu nne, na ni Uingereza peke yake haijafungwa. Mechi tano, ushindi mara tano. Afrika Kusini walipigwa na Ireland 13 kwa 8. Mnataka nini tena?"

Mwanawe, binamu yangu, hakukubali. "Baba, hesabu nyingine ndiyo hii. Fainali ya 2019 kule Yokohama ilikuwa ya hawa hawa wawili. Afrika Kusini 32, Uingereza 12. Na Jumapili iliyopita wamewatoa Ufaransa kwao nyumbani, 29 kwa 28. Halafu hii ni timu ya Afrika, bana! Utamwachaje Mwafrika mwenzako umshangilie mkoloni?"

Neno hilo "mkoloni" lilimgutusha jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye tulidhani amesinzia kitini.

"Kijana, unaijua Montreal?" aliuliza. "Mwaka 1976 Kenya haikukimbia katika Olimpiki, na chanzo chake kilikuwa raga. New Zealand walikwenda kucheza na Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Nchi za Afrika zikataka New Zealand izuiwe kushiriki Olimpiki. Ombi hilo likakataliwa, nazo zikasusia. Mike Boit alikuwa ametuletea nishani ya shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972. Montreal hakukimbia. Leo unataka nishangilie jezi ile ile ya kijani?"

"Basi wewe ni wa Uingereza, Mwalimu," khocha akasema kwa furaha.

"Nani kasema? Baba yangu alilima Trans Nzoia katika shamba la Mwingereza, kisha akahamia kulima kwa Kaburu. Wote wawili nawafahamu. Mimi hapo sina timu."

Uani pakawa kimya. Binamu yangu akajikaza. "Mwalimu, heshima zako. Lakini nahodha wao ni Siya Kolisi. Alizaliwa Zwide, mtaa wa watu weusi, mwaka 1991. Mwaka 2018 akawa nahodha wa kwanza mweusi wa timu hiyo. Wale waliokuharibia Montreal wasingekubali. Mimi nikimshangilia Kolisi, nawazomea wao."

Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu. "Hilo ni jibu," akasema. "Sikubaliani nalo, lakini ni jibu."

Hapo ndipo nilipouliza swali lililokuwa likinikereketa tangu Kitale. Kenya yetu iko wapi?

Khocha alikuna kichwa. Alinisimulia kwamba mwezi Julai 2022, katika fainali ya Kombe la Afrika, timu yetu ya Simbas ilifungwa na Namibia 36 kwa 0. Tukapewa nafasi ya mwisho kule Dubai mwezi Novemba, tukafungwa na Marekani, na Hong Kong, na Ureno. Mechi ya Ureno iliisha 85 kwa 0. Ureno hao hao ndio waliofuzu, wakaja wakawashinda Fiji 24 kwa 23 katika kombe lilo hilo.

"Fiji?" nilishangaa. "Si ndio sisi tuliwapiga 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore mwaka 2016?"

"Hiyo ni raga ya wachezaji saba," Mwalimu alinikatiza. "Ya saba inataka mbio, na mbio tunazo. Ya kumi na watano inataka mbio na pia watu wanane wa kusukumana katika skramu, dakika themanini. Watu hao hawaokotwi barabarani mwaka wa mashindano. Hufunzwa tangu shuleni namna ya kuinama, kushikana na kusukuma kwa pamoja. Taifa likilala shuleni, litaamkia Dubai."

Usiku tulikwenda kibanda cha mpira sokoni. Mwalimu naye alikuja na koti lake zito, akisema anakuja kutazama tu. Mvua ilikuwa ikinyesha kule Ufaransa. Owen Farrell wa Uingereza alipiga mipira katikati ya milingoti kana kwamba anarusha mawe kisimani, na kufikia kipindi cha pili ilikuwa 15 kwa 6. Khocha alikuwa ameanza kuimba. Binamu yangu alikuwa amejifunika uso kwa kofia.

Kisha Afrika Kusini wakaingiza watu wapya wa mstari wa mbele. Skramu ya kwanza, Uingereza wakarudi nyuma. Ya pili vivyo hivyo. Zikiwa zimesalia dakika kama kumi na moja, RG Snyman akafunga trai, Handré Pollard akaongeza mbili, 15 kwa 13. Dakika ya 77 skramu nyingine ikazaa penalti, mbali, karibu na katikati ya uwanja. Kibanda kizima kilishika pumzi. Pollard akaupiga. 16 kwa 15!

Katika kelele zile niliona Mwalimu akipiga makofi. Binamu yangu akamdaka, "Mwalimu, umekuja kwetu!" Akajibu, "Napigia makofi skramu, si bendera."

Wiki moja baadaye Afrika Kusini ilichukua kombe kwa pointi moja vilevile, 12 kwa 11 dhidi ya New Zealand. Lakini mimi neno lililonikaa ni lile la Mwalimu kuhusu shule.

Wanafunzi wenzangu, shule yetu ni ya kutwa. Saa kumi na nusu kengele ikilia kila mtu ashika njia yake, huyu kukamua ng'ombe, yule kumsaidia mama sokoni. Uwanja unabaki na ndege. Raga tunaambiwa ni ya shule za bweni. Sikubali. Katika madarasa yetu wamo vijana ambao likizo ya Desemba hubeba magunia ya mahindi ya kilo 90 na kuyapakia kwenye lori toka asubuhi hadi jioni. Usiniambie Trans Nzoia haina watu wa skramu!

Walimu wetu wapendwa, ombi langu ni dogo: mpira mmoja wa raga, na saa moja kila Jumatano kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Mabishano tutajitafutia wenyewe.