Jani Kongwe

Mtaa wa Kahawa Wendani umekaa mkabala na Chuo Kikuu cha Kenyatta, ng'ambo ya barabara kuu iendayo Thika, na wanafunzi wengi wamepanga vyumba humo. Katika kimojawapo, mwanafunzi wa ualimu amefuga samaki ndani ya tangi la kioo la lita 60 na kupanda mimea ya majini.

Chakula cha samaki na kinyesi chao huipa mimea naitrojeni na fosforasi. Potasiamu, kinyume chake, aghalabu huwa haba. Mmea ukiikosa hauanzi kudhoofika kileleni. Huiondoa potasiamu katika majani makongwe na kuipeleka kwenye machipukizi. Jani la chini hutoboka vitundu vidogo vidogo, kingo zikageuka manjano, ilhali la juu limenawiri chini ya taa. Mgeni huliona la juu, akausifu mmea mzima.

Tiba yake ni salfeti ya potasiamu. Gramu moja ya chumvi hiyo ina takriban gramu 0.45 za potasiamu. Katika lita 60, hiyo ni miligramu 7.5 kwa kila lita. Kila Jumamosi kijana huyo hubadilisha nusu ya maji, kisha hutia gramu moja. Kwa kuwa nusu ya iliyokuwamo hutoka kila juma, kiwango hakitapita miligramu 15 hata mwaka ukiisha, mradi maji ya mfereji hayana potasiamu ya kutajika. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kina ukingo.

Hata hivyo, jani lililokwisha kutoboka haliponi. Kinachotiwa leo huyakinga yaliyosalia na kuyakuza yajayo.

Karo ya kijana huyo hulipwa na mama yake, mshonaji nguo. Muhula wa pili sasa umepita tangu mama aahirishe kununua miwani.

"Mama, miwani umeshanunua?" aliuliza kwa simu.

"Soma kwanza, mwanangu. Sindano bado naiona."

Tangu juma hilo, kijana huwafundisha watoto wa majirani hisabati jioni, na ujira wake huutuma nyumbani. Ni kidogo, na miaka ambayo mama ameinamia cherehani gizani hairudi. Lakini hutumwa kila Jumamosi, bila kukosa.