Glasgow: Mji Ulioagiza Jeli Siku ya Msiba wa Mtani

Glasgow haikupendezi siku ya kwanza. Mvua yake haina adabu: hainyeshi ikaisha kama ya kwetu, inanyunyiza tu tangu asubuhi mpaka usiku, na mwamvuli ni kazi bure kwa sababu upepo unaupindua kabla hujavuka barabara. Majengo ni ya mawe, mengine mekundu, mengine yamekula moshi wa miaka mia. Halafu siku ya pili watu wanaanza kukusemesha. Kwenye basi, kwenye foleni ya chai, popote pale. Ni wacheshi hasa, wana domo, na ukiwaambia umetoka Dar wanataka kujua kila kitu mpaka bei ya samaki.

Ila kuna maswali mawili ya kuwa nayo makini. La kwanza ni “unashabikia nani?” La pili ni “ulisoma shule gani?”, ambalo ni lile lile la kwanza limevaa koti. Shule inaonyesha kama familia yako ni Wakatoliki au Waprotestanti, na hapo mtu anapiga hesabu yake: Wakatoliki, wengi wao wajukuu wa wahamiaji kutoka Ireland, ni Celtic, Waprotestanti ni Rangers. Si hesabu ya kweli kwa kila mtu, lakini imekaa vichwani. Baa kadhaa za katikati ya mji zimebandika tangazo mlangoni: ukivaa rangi za timu, huingii. Mimi nilikuwa na skafu ya kijani niliyonunua kwa sababu ya baridi. Rafiki yangu aliniambia niiweke kwenye mkoba.

Huyo rafiki ndiye aliyenipeleka huko. Tulisoma wote chuo, akaja Uskochi kufanya kazi hospitalini, akaolewa na kijana wa Glasgow. Yeye ni Celtic, mumewe ni Rangers wa damu, kama baba yake na babu yake. Ukimwuliza aliingiaje Celtic, anacheka: ni Wanyama. Victor Wanyama alisajiliwa Celtic Julai 2011, kijana wa Kenya, akachagua jezi namba 67 kwa heshima ya kikosi cha Celtic kilichotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1967. “Mtu wa kwetu yuko pale, anaongea Kiswahili, halafu mimi nishangilie upande mwingine?” ananiuliza. Mumewe alivumilia. Walikuwa bado wanaitana majina matamu.

Basi, Valentine ya kwanza ya ndoa yao ilikuwa tarehe 14 Februari 2012. Rafiki yangu alipika pilau, akawasha mishumaa, akavaa. Mume akaingia, akakaa na koti lake, akawasha redio. Siku hiyo ndiyo Rangers, klabu ya tangu mwaka 1872, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Pilau ikapoa. Mishumaa ikaisha yenyewe.

Kwa wale ambao hawakufuatilia, habari yenyewe ilikuwa hivi. Kwa miaka mingi Rangers ilitumia fedha kuliko ilizopata, ikisajili wachezaji wa bei mbaya na kukopa benki. Mei 2011 tajiri aliyekuwa akiimiliki, Sir David Murray, aliiuza kwa mfanyabiashara Craig Whyte kwa pauni moja. Ndiyo, pauni moja, haifiki bei ya soda uwanja wa ndege. Sharti lilikuwa alipe deni la benki, kama pauni milioni 18. Akalipa, lakini fedha aliipata kwa kuuza mapema tiketi za msimu ambazo mashabiki walikuwa bado hawajanunua. Yaani mtu anakulipia posa kwa mshahara wako wa mwaka kesho! Wakati huo huo kodi ya mishahara na VAT ikawa haiendi kwa serikali, ikafika kama pauni milioni 9 ndani ya miezi tisa. Whyte alikuja kushtakiwa kwa udanganyifu katika ununuzi huo, na mwaka 2017 mahakama ikamwona hana hatia.

Timu ilikatwa pointi 10, na ubingwa ukaenda Celtic. Juni 2012 mamlaka ya kodi ilikataa pendekezo la kulipwa sehemu tu ya deni, na hapo kampuni ikawa imekwisha. Mali zote, uwanja na jina, zikauzwa pauni milioni 5.5 kwa kundi la Charles Green. Katika orodha ya wadai walikuwamo polisi, huduma ya magari ya wagonjwa, na hata mtu wa kuchora watoto nyuso siku za mechi, ambaye deni lake halikufika pauni mia.

Sasa tuje kwenye jeli.

Mashabiki wa Celtic walikuwa na wimbo wa kuimba kwamba Rangers ikifa watakula jeli na aiskrimu. Kwa Waingereza na Waskochi, jeli na aiskrimu ni chakula cha sherehe ya mtoto, kama kwetu ubwabwa na soda siku ya birthday. Kwa hiyo siku habari ya kukataliwa kwa lile pendekezo ilipotoka, mji uligawanyika meza mbili. Upande mmoja watu wazima, wengine na mvi, wakala jeli kwenye bakuli za plastiki. Upande wa pili wanaume ambao hawakulia kwenye mazishi ya wazazi wao walilia.

Kazini kwa rafiki yangu mtu alileta jeli ya kijani kwenye beseni. Naye akala. “Kijiko kimoja,” ananiambia, kisha anafikiri, “vitatu.” Akarudi nyumbani, akamkuta baba mkwe sebuleni amekaa na mwanawe, televisheni imezimwa, hawasemi. Akaingia jikoni kimya kimya akawatengenezea chai. Habari ya jeli mume alikuja kuisikia miaka miwili baadaye, kwenye sherehe, kutoka kwa mfanyakazi mwenzake. Hakugomba. Alisema tu, “Siku ile baba alikuwa hapa.” Rafiki yangu anasema angependa angegomba.

Wala tusijifanye hatuyajui haya. Baada ya Yusuf Manji kuachia uenyekiti wa Yanga mwaka 2017, klabu iliyumba, na msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera akawa anahamasisha mashabiki wachange ili timu isafiri na wachezaji walipwe. Mnakumbuka Simba walivyolishikia bango lile bakuli. Ofisini kwetu kuna mtu aliweka bakuli tupu juu ya meza ya mwenzake kila Jumatatu. Tulicheka, na lilichekesha kweli. Tofauti ni kwamba mwenye bakuli alijua tutapanda daladala moja jioni, na kwamba akifiwa, wa kwanza kufika na kanga ni hao hao wa meza ya pili. Glasgow utani huo una historia ya dini na ajira ndani yake, na una giza. Polisi na watafiti wa huko wamesema kwa miaka kwamba siku Celtic na Rangers zinapokutana, kesi za wanawake kupigwa majumbani huongezeka. Hilo ni jambo la kukumbuka mtu anapokuambia ni mpira tu.

Ukienda Ibrox, uwanja wa Rangers, panda treni ya chini ya ardhi. Ilianza mwaka 1896, inazunguka duara moja tu, kwa hiyo hata ukisinzia utarudi ulikotoka. Uwanja una ukuta wa matofali mekundu wa mwaka 1929, mzuri kuliko nilivyotarajia, unafanana na chuo cha zamani kuliko uwanja wa mpira. Kwenye kona kuna sanamu ya nahodha wa zamani, John Greig, na majina ya watu 66 waliokufa tarehe 2 Januari 1971 walipokanyagana kwenye ngazi wakitoka kutazama mechi dhidi ya Celtic. Nilisoma majina mengi niwezavyo. Wengi walikuwa vijana. Ule wimbo wa kuiombea Rangers kifo unasikika vingine ukiwa umesimama hapo, na nadhani hata waliouimba wanalijua hilo.

Celtic Park iko upande wa mashariki ya mji. Nenda kwa miguu kutoka Glasgow Cross, upite mtaa wa Gallowgate na soko la Barras, ambalo lina nguo za mitumba na vyombo vya zamani, Karume yenye baridi. Mbele ya uwanja amekaa Brother Walfrid, mtawa wa Ireland aliyeanzisha klabu mwaka 1887 ili kuchanga fedha za kulisha maskini wa mitaa hiyo. Mechi ya kwanza kabisa ya Celtic, Mei 1888, ilikuwa dhidi ya Rangers, wakashinda 5-2. Kwa maneno mengine, hawa wawili hawajawahi kuishi bila kujuana.

Kuanzia 2012 ikabidi. Rangers mpya iliomba kubaki ligi kuu, na wakubwa wa soka la Uskochi walitaka ibaki au angalau isishuke mbali, wakihofia fedha za televisheni. Hapo ndipo mashabiki wa Aberdeen, Hearts, Dundee United na wengine walipofanya jambo lililonishangaza: waliziambia timu zao kwamba Rangers ikibebwa, tiketi za msimu hawanunui. Klabu zikasikiliza. Tarehe 4 Julai ligi kuu ikaikataa, na tarehe 13 klabu 25 kati ya 30 za madaraja ya chini zikapiga kura ianzie daraja la nne. Kwa hapo mimi niko nao. Kumcheka aliyeanguka ni jambo moja; kudai kanuni iwe moja kwa mkubwa na mdogo ni jambo jingine, ingawa siku ile watu wengi walifanya yote mawili kwa mdomo mmoja.

Baba mkwe wa rafiki yangu hakukosa. Alikwenda Brechin, uwanja ambao upande mmoja umepakana na ua wa miti badala ya jukwaa. Alikwenda Peterhead, pwani ya kaskazini, timu yake ikatoka sare 2-2 na vijana ambao wengine siku za wiki walikuwa na kazi zao za kawaida. Mechi ya kwanza ya ligi nyumbani, dhidi ya East Stirlingshire, walijaa watu 49,118. Daraja la nne! Mwanawe alikuwa naye, na nyumbani kwao Jumamosi zikawa za rafiki yangu peke yake. Upande wake nao haukuwa na raha aliyoitarajia. Novemba 2012 Wanyama aliifunga Barcelona kwa kichwa, Celtic wakashinda 2-1, na usiku huo alilia kwa furaha. Lakini ligi iliyobaki ilikuwa kama kula chakula bila chumvi. Ubingwa ulikuja, ukaja tena, mara tisa mfululizo mpaka 2020. Hakuwa na mtu wa kumtambia. Mumewe hakuangalia hata matokeo.

Zilipokutana tena, nusu fainali ya Kombe la Ligi Februari 2015, mashabiki wa Celtic walikuwa wamelipia tangazo gazetini kusema Rangers ya zamani ilikufa 2012 na hii ni timu nyingine. Celtic ilishinda 2-0. Mwaka uliofuata Rangers ikaitoa Celtic kwa penalti kwenye Kombe la Uskochi, ikapanda ligi kuu, na 2021 ikawa bingwa bila kufungwa hata mechi moja ya ligi. Kwa Rangers ule ni ubingwa wa 55. Kwa Celtic ni wa kwanza. Ukitaka kujua umekaa meza ya nani Glasgow, taja namba hiyo kisha usubiri. Kwa rafiki yangu walikubaliana isitajwe wakati wa kula.

Jumapili kabla sijaondoka, wenyeji wangu walinipeleka Cathkin Park, kusini mwa mji, karibu na uwanja wa taifa wa Hampden. Ni bustani tu ukiiangalia kwa mbali. Ukiingia unaona ngazi za zege za mashabiki zimezunguka uwanja pande tatu, na vyuma vya kuegemea bado vimesimama. Miti imeota katikati yake, mikubwa. Hapa ilicheza Third Lanark, bingwa wa Uskochi mwaka 1904, timu iliyofunga mabao 100 kwenye ligi msimu wa 1960/61. Miaka sita baadaye, 1967, ilifilisika ikafungwa moja kwa moja. Hakuna aliyekula jeli.

Watoto walikuwa wanacheza katikati, wengine na jezi za kijani na nyeupe, wengine za bluu, mmoja ya Barcelona. Mume wa rafiki yangu aliegemea chuma kimoja chenye kutu, akatoa chai kwenye chupa, akammiminia mkewe kwanza. Mvua ikaanza tena. Hakuna aliyeondoka.