Jahazi Lilikuwapo

Ilikuwa jioni ya Alhamisi, baada ya Isha, na nyumba yetu hapa Bondeni ilikuwa imejaa jamaa kama ilivyo ada. Kahawa ilikuwa imekwisha kupita mara mbili, na sahani za viazi vya karai zimebakia na ukwaju tu, mpwa wetu alipotoka chumbani amebeba laptopu kwa mikono miwili, mfano wa mtu abebaye sinia ya mayai. Ana umri wa miaka 13. Majuma matatu alikuwa akituambia kwamba ametunga mchezo wa kompyuta, nasi majuma matatu tulikuwa tukimjibu inshaallah, ile inshaallah ya mtu mzima asiyetaka kusumbuliwa.

Mchezo wenyewe, kwa alivyoueleza, ni mwepesi. Jahazi laingia kutoka bahari kuu, lapita Ngomeni, na mchezaji huliongoza kwa vitufe vya mishale lisipande miamba mpaka lifike Bandari ya Kale. Ami zake wakasogeza viti. Mama yake, ambaye ni dada yetu, akasimama mlangoni. Kijana akabonyeza. Kioo kikawa cheusi kwa muda wa kupepesa jicho, kisha kikafungika, ikabaki mistari ya Kiingereza, na mstari wa mwisho ukisema kwamba faili ya picha haikupatikana.

Akajaribu tena, na tena. "Mjomba," alisema, "wallahi kule yafanya kazi." Kule ni nyumbani kwa rafiki yake, kichochoro cha pili kutoka kwetu, ambako ndiko alikouandika mchezo, maana sisi kompyuta hatukuwa nayo hadi juma lile.

Hapo tukakosea. Mbele ya ami zake na mbele ya mama yake tulimwambia asimtaje Mwenyezi Mungu katika mambo ya upuuzi, na kwamba kitu kilichofanya kazi jana hakikosi kufanya kazi leo ilhali hakuna aliyekigusa, basi aseme tu kwamba hajamaliza kazi yake. Neno uongo hatukulitamka, lakini hapana aliyekuwako ambaye hakulisikia. Kijana hakutujibu. Aliifunga laptopu polepole, akasema, "Samahani, Mjomba," akaingia ndani, na mazungumzo yakarudi kwenye bei ya samaki.

Twaona haya kuliandika linalofuata. Juma lile lile, baina ya Magharibi na Isha, tulikuwa tukisomesha Suratul Hujurat, tena tulikuwa tumefika pale panapotaka habari ihakikishwe kabla ya kuhukumiwa mtu.

Asubuhi yake dada yetu alituletea chai na mahamri. Akasema bila kuinua sauti, "Kaka, mimi ule mchezo nimeuona. Jumanne nilipokwenda kumchukua, niliwakuta wote wanne wanaucheza." Akaiweka chai, akatoka.

Basi tukabaki na habari mbili za kweli zisizokaa pamoja: mchezo wafanya kazi kule, na mchezo haufanyi kazi hapa. Waliosoma usuli wajua kwamba habari mbili sahihi zikipingana, haitangulizwi kuiangusha mojawapo. Hutangulizwa kuzikusanya, yaani kutafuta hali ambayo zote mbili zaweza kuwa kweli. Kanuni hii tumeisomesha kwa miaka, na haikutupitikia kwamba yaweza kumfaa mtoto na laptopu yake. Tukamwita, tukamwambia alete chombo chake tukisome pamoja.

La kwanza tulilogundua ni kwamba kijana hakuwahi kuusoma ule ujumbe wa kosa. Aliuona mwekundu na mrefu, akauogopa. Tukausoma neno kwa neno, kuanzia mstari wa chini, maana mistari ya juu yaeleza tu programu ilipitia wapi kabla ya kukwama. Mstari wa chini ulitaja mambo mawili: jina la picha iliyotafutwa, na folda ambamo ilitafutwa. Folda iliyotajwa haikuwa ile ya mchezo. Kijana alikuwa ameuita mchezo akiwa nje ya folda yake, na programu huanza kutafuta picha kutoka pale inapoitwa, si kutoka pale ilipowekwa. Hilo lilikuwa jepesi. Tukaingia katika folda ya mchezo kwanza ndipo tukauendesha. Kosa likabaki.

Hapa yafaa tueleze vifaa vyenyewe, maana tangu serikali ilipoidhinisha mwaka 2022 mtaala wa kuandika programu mashuleni, maneno haya yaingia majumbani mwetu na wengi wetu twayapisha kama wageni wa jirani. Mchezo uliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Jina ni la nyoka, ingawa Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, Guido van Rossum, alilichukua kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Juu yake kuna fungu la zana liitwalo Pygame, ambalo ndilo lionyeshalo picha na kusikiliza vitufe. Kompyuta ya rafiki yake ni ya Windows. Ya kwetu ni kuukuu, iliachwa na jamaa aliyekuja kututembelea kutoka Maskati, na fundi mmoja wa karibu na barabara ya Abdel Nasser aliitia Linux kwa kuwa Windows ilikuwa nzito kwake. Kwa hiyo kule na hapa si mahali pamoja. Sisi tuliona laptopu mbili zinazofanana, tukahukumu.

Windows hutenga folda na faili kwa mkwaju ulioegemea kushoto, hivi: \. Linux hutumia mkwaju wa kawaida, hivi: /. Kijana alikuwa ameandika picha\jahazi.png. Kule, maana yake ni faili ya jahazi ndani ya folda ya picha. Hapa, Linux ililisoma lote kuwa ni jina moja refu lenye alama katikati, ikatafuta faili ya jina hilo, isiione, ikasema kweli kwamba haipo. Tukaibadili mikwaju yote iwe ya kawaida, ambayo Python huikubali hata katika Windows. Tukaendesha. Kosa lile lile.

"Mjomba, lakini picha ipo! Hii hapa!" Akaifungua folda, na kweli ilikuwapo: Jahazi.PNG. Katika programu: jahazi.png. Tuliyatazama majina hayo mawili kwa muda ambao twaona aibu kuutaja, na aliyeona tofauti ni yeye. Faili ilikuwa na J kubwa, na zile herufi tatu za mwisho kubwa pia. Windows huyahesabu kuwa jina moja, lakini kwa Linux hayo ni majina mawili ya vitu viwili.

Kuchelewa kwetu kuna sababu. Herufi tulizolelewa nazo hazina kubwa wala ndogo. Chuoni hatukupigwa kwa ukubwa wa herufi, tulipigwa kwa nukta: moja chini ni be, mbili juu ni te, tatu juu ni the, na mwalimu wetu alikuwa haoni tofauti baina ya aliyesahau nukta na aliyesahau aya. Lakini Kiswahili cha wazee wetu, kilichoandikwa kwa herufi hizo hizo, kilikuwa na msamaha mkubwa. Be moja yaweza kusomwa b, au p, au mb, na msomaji hujua kwa maana. Mashairi ya Muyaka yalihifadhiwa hapa Mombasa na Mwalimu Sikujua kwa herufi za Kiarabu, miaka mingi kabla ya kuchapishwa kwa herufi za Kirumi mwaka 1940, na asiyekijua Kimvita hata leo hawezi kuyasoma sawasawa kutoka katika hati hizo hata awe hodari wa Kiarabu namna gani. Msomaji humkamilishia mwandishi. Kompyuta haimkamilishii mtu. Ama Windows humkamilishia katika jambo hili moja la ukubwa wa herufi, na kwa hisani yake hiyo kijana wetu akaonekana muongo nyumbani kwao.

Tukampa faili jina la herufi ndogo tupu. Jahazi likatokea. Hatukupiga kelele, lakini dada yetu alikuja kuchungulia.

Picha ya mnara ilitoa kosa la namna nyingine. Ujumbe haukusema tena kwamba faili haipo, ulisema haitambulikani kuwa ni picha. Tukatazama ukubwa wake: sifuri. Alikuwa ameichomoa fleshi kabla kunakili hakujakwisha, jina likafika na picha yenyewe ikabaki njiani. Akatoka mbio hadi kwa rafiki yake, akarudi nayo.

Tulidhani tumemaliza, tukamwambia kwamba jahazi lake halitii nanga, lafika bandarini na mchezo wafungika tu. Akainamisha kichwa. Kumbe nanga aliichora, na tanga lililochanika alilichora pia, la kuonyesha jahazi likigonga mwamba, ila picha hizo mbili zilikataa kufunguka hata kule. Nanga aliichora upya mara tatu akidhani mchoro ndio mbovu. Mwishowe aliizimisha mistari yake miwili katika programu na hakumwambia mtu.

Tukamwambia airudishe mistari hiyo na abadili mkwaju kama alivyobadili mingine. Akafanya. Zikafunguka zote mbili papo hapo.

"Lakini picha zenyewe sikuzigusa," alisema, na safari hii alikuwa anatutazama.

Tukaandika majina kwenye karatasi: jahazi, mwamba, mnara upande mmoja, yaliyokubali kule, nanga na tanga upande wa pili. Tukamuuliza haya mawili yana nini ambacho yale matatu hayana. Akayakodolea macho, kisha akaenda kuleta daftari lake la masomo, akapekua, akaweka kidole. Katika Python, mkwaju ulioegemea kushoto ukifuatwa na herufi n si alama mbili tena, ni amri ya kuanza mstari mpya. Ukifuatwa na t, ni amri ya kuacha nafasi. Ukifuatwa na j au m hauna maana maalumu, huachwa ulivyo. Basi picha\nanga.png ilisomwa "picha", mstari mpya, "anga.png". Kijana alikuwa anatafuta nanga, na kompyuta ilikuwa inatafuta anga. Nasi twafurahi kwamba aliandika nanga.

Tulimwomba radhi palepale. Akasema, "Hakuna neno, Mjomba," macho yake yakiwa kwenye kioo. Tulipomweleza dada yetu kwamba yamekwisha, alitutazama kidogo, akasema, "Uliyasema barazani."

Siku zilizofuata tuliona kwamba kijana ameacha kuapa. Kwa wakati mwingine tungalilifurahia jambo hilo. Lakini alikuwa ameacha pia kutueleza mambo yake. Tulimuuliza mchezo waendeleaje, akatujibu kwa heshima, kwa neno moja. Twasikia amekwisha kuuandika vizuri zaidi: ametia neno la Python liitwalo __file__, ambalo kwalo programu hujua imewekwa wapi na huanza kutafuta picha kutoka hapo, popote itakapoitwa. Hilo hakutuambia sisi, tulilisikia kwa rafiki yake.

Alhamisi ikaja. Jamaa ni wale wale, viazi ni vile vile. Kabla ya kahawa tulisema kwamba juma lililopita katika chumba hiki kijana alisema kweli akaapa kwa kweli, nasi tukamvunjia heshima mbele ya watu bila kuhakikisha, na kwamba twamtaka radhi mbele ya watu hao hao. Chumba kilinyamaza. Ami yake mmoja akacheka kidogo, akaona hapana mwenziwe, akakohoa. Kijana alikuwa amekaa karibu na mlango, akiutazama mkeka, masikio yamemwiva.

Kisha akaenda kuileta laptopu.

Aliyecheza kwanza ni mzee wetu mmoja aliyekula chumvi baharini, aliyekwenda Lamu na Pemba kwa tanga ujanani mwake. Alilipandisha jahazi mwambani mara mbili, tanga likachanika mara mbili, akakasirika kikwelikweli. Mara ya tatu alifika, nanga ikashuka kwa mnyororo wake mpaka chini ya maji, na watu wakasema mashaallah. Yeye hakusema. Alikisogeza kioo karibu na macho, akasema mwamba huu wa upande wa Nyali haukai hapa hata kidogo, na nahodha yeyote angalijua.

Kijana akamwondolea mkono kwenye vitufe kwa adabu, akafungua maandishi ya mchezo, akatafuta mstari. Halafu akatugeukia sisi. "Mjomba, nisogezee taa," alisema. Na kwa mzee: "Nionyeshe, Babu. Niuweke wapi?"