Panga boi nyuma ya nyumba ya bibi

Jamani, juzi nilirudi nyumbani Nyegina, Musoma, nikaumbuka vibaya mbele ya mjomba.

Jioni umeme ulikatika, tukakaa nje juu ya jiwe (kwetu mawe ndiyo viti). Upepo wa ziwa unavuma, koti la mjomba linapepea kama bendera. Mimi, mjuaji kutoka Mwanza, nikaropoka: "Mjomba, upepo huu unapotea bure! Waje watu wafunge mapanga boi ya kufua umeme, tuage giza."

Nikamsimulia ya Kinangop, Kenya, kama kichekesho vile. Kampuni ilitaka kusimamisha mitambo 38 kati ya mashamba ya watu, megawati 60.8. Wakulima wakagoma, wakihofia ardhi yao na afya za watoto. Mwaka 2015 maandamano yakageuka vurugu, mtu akafa. Februari 2016 mradi ukatupwa. "Washamba wale, wamekataa umeme!" nikacheka peke yangu.

"Mtu amekufa, wewe unacheka?" Mjomba akanyamaza kidogo. "Haya, hapa kwetu utayafunga wapi?"

Bila kufikiri nikanyoosha kidole kwenye mwinuko nyuma ya nyumba, penye upepo mkali. Kidole kikabaki hewani. Pale ndipo tulipomzika bibi.

"Umechagua haraka sana, mjomba wangu," akasema.

Aibu niliyoipata! Nikajitetea kwamba kule karibu na Ziwa Turkana mitambo 365 inazunguka na Kenya inapata umeme. Ila ikabidi niseme na la pili: mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi ule, ekari 150,000, zilipatikana kinyume cha utaratibu. Kinangop nako yupo ndege mdogo wa kifua cha njano, asiyepatikana nje ya Kenya, anayeishi kwenye majani mafupi tu. (Majani yenyewe wakulima haohao wameyalima sana, tusidanganyane.)

Bado nautaka umeme wa upepo, sifichi. Mjomba naye hakuukataa.

"Wakija," akasema, "waanze kukaa hapa kwenye jiwe, waniulize mimi. Wasikuulize wewe."

Umeme ukarudi. Mama akatuita ndani, samaki wanapoa.