Nyumba ya Kuuza Enguserosambu

Atokaye Karatu kwenda Enguserosambu kwa njia ya Mto wa Mbu, na afunge safari asubuhi. Atapita Engaruka, atauona Oldoinyo Lengai, mlima wa moto, na kando ya Ziwa Natron joto litamchosha. Kisha gari hupanda mpaka Loliondo, penye baridi. Enguserosambu iko mbele yake, karibu na msitu wa mitarakwa.

Nilifikia kwa kijana mmoja aliyetaka kununua nyumba ya bati. Kuta zilikuwa na nyufa, na mbao za paa zimeliwa na mchwa. Nia yake ilikuwa kuipiga lipu, kuiezeka upya, na kuiuza kwa faida.

“Tuseme nainunua kwa milioni 3, naitengeneza kwa milioni 2, nauza kwa 6,” alisema.

“Na nauli ya saruji?” nikamwuliza. Akacheka, akaandika upya hesabu yake.

Jioni tulikwenda kuitazama. Mwenye nyumba alikuwa mnadani. Tulimkuta mkewe akikandika ukuta kwa udongo na samadi. Kwa Wamasai, kujenga nyumba ni kazi ya mwanamke tangu zamani, na hata hii ya bati mama huyu aliitunza kwa mikono yake.

“Takwenya, yeyo,” kijana alimsalimu.

“Iko,” akaitika. Alipoelezwa shauri letu, aliuacha udongo. “Mwanangu, mimi na watoto tutalala wapi? Sikuambiwa neno.”

Kijana aliona haya. Fedha ya kwanza ilikuwa mfukoni, aitoe siku ile ile.

Wasomaji wapenzi, jambo hili lina sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe, na mke vivyo hivyo. Tena ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 1999. Anunuaye bila kibali chake aweza kupoteza nyumba pamoja na saruji yake.

Kutengeneza nyumba na kuiuza ni kazi halali, na faida ni ujira wa jasho. Lakini kabla ya kumwita fundi, mwulize mama mwenye nyumba, kisha nenda ofisi ya kijiji.

Kijana alirudi na fedha yake. Kesho yake alikwenda kumngoja mume, wakae watatu.