Kutoka kwa simba wa Serengeti hadi mbwa wa Vingunguti

Ukishuka daladala Vingunguti saa 12 asubuhi, pua itakufikisha machinjioni kabla hujauliza njia. Ng'ombe waliotoka mnada wa Pugu wameshashushwa, mikokoteni inapishana, akina mama wa supu wamekoleza moto. Pembeni mwa barabara mbwa wamejilaza, nao wanasubiri riziki yao.

Dada yangu anaishi mitaa michache kutoka hapo. Jumamosi iliyopita nilikwenda kumsalimia, nikamkuta mwanawe wa miaka tisa ameinamia simu, anatazama filamu ya dubu weupe wa Ncha ya Kaskazini. Wataalamu walikuwa wamemchoma dubu sindano ya usingizi, wanampima uzito na kumkagua meno.

"Mama mdogo," akaniuliza, "hiyo nayo ni kazi? Mtu analipwa kwa kumfuata dubu?"

Nikamwambia ni kazi, na hapa kwetu ipo. Dubu hatuna, lakini tuna simba.

Mwaka 1966 mtafiti George Schaller alianza kuwafuatilia simba wa Serengeti. Wengine wakapokezana, na mwaka 1978 kazi ikaangukia mikononi mwa Craig Packer na Anne Pusey. Packer aliisimamia kwa zaidi ya miaka 30. Kila simba alikuwa na kadi yake, kama kadi ya kliniki ya mtoto: amezaliwa lini, mama yake nani, amejeruhiwa wapi. Walimtambua kwa vidoti vilivyo kwenye mashina ya sharubu, kwa kuwa mpangilio wake hutofautiana kati ya simba mmoja na mwingine.

Kadi hizo zilionyesha umuhimu wake mwaka 1994. Simba walianza kuonekana wakitetemeka, wakipepesuka, wengine wakipata degedege hadi kufa. Takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti walipotea. Vipimo vikaonyesha ni distempa, ugonjwa wa mbwa unaosababishwa na kirusi wa ukoo mmoja na kirusi wa surua. Mashaka yakaelekea kwa mbwa wa vijijini, wanaoishi kandokando ya hifadhi.

Hapo ndipo habari ya simba ilipogeuka kuwa habari ya watoto. Daktari wa mifugo Sarah Cleaveland, aliyekuwa akichunguza magonjwa ya mbwa hao, alikuwa anakutana pia na kichaa cha mbwa, ambacho huua watu. Kuanzia mwaka 1996 kampeni za kuchanja mbwa zilianza katika vijiji vya Serengeti. Baadaye ilibainika kuwa distempa ina njia zake nyingine porini, hivyo chanjo ya mbwa peke yake haiimalizi. Lakini kichaa cha mbwa kilipungua, na watu walioumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa wakapungua pia.

Nilimweleza mpwa wangu kuwa kazi hii si ya wageni tu. Mtanzania Dk Bernard Kissui alipata shahada ya uzamivu kwa utafiti wa simba, kisha akafanya kazi Tarangire na Manyara, ambako kumsoma simba ni pamoja na kukaa na mfugaji aliyeliwa ng'ombe wake. Anayetaka njia hiyo anaweza kuanzia Chuo cha Wanyamapori Mweka au Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro.

Mtoto alinyamaza. Kisha akauliza taratibu, "Mama mdogo, mbwa mdogo naye anaweza kuwa na kichaa?"

Nikamtazama. Akavuta suruali juu. Kwenye kifundo cha mguu palikuwa na alama mbili za meno. Aliumwa jana yake, akicheza na mtoto wa mbwa nyuma ya nyumba. Hakusema, kwa sababu mama yake alishamwapia kuwa akimkuta tena na mbwa atachapwa.

Dada yangu alipaliwa na chai. Jirani, bibi wa watu mwenye nia njema, akashauri tupake mafuta ya taa. Nikamwambia, "Shikamoo bibi, asante, lakini leo ni sabuni tu." Tukaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha tukapanda bajaji kwenda kituo cha afya. Alichomwa sindano ya kwanza siku hiyohiyo na kupewa tarehe za zilizobaki.

Mzazi, dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya hapo ugonjwa huu unazuilika. Duniani, karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa hiki wameambukizwa na mbwa, na sehemu kubwa ya wanaong'atwa ni watoto. Osha, nenda hospitali, maliza dozi. Hata siku zikiwa zimepita, nenda. Mbwa wako mchanje, na umuulize ofisa mifugo wa kata ni lini chanjo itafika mtaani. Wataalamu wanasema mbwa saba kati ya kumi wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita.

Jambo la mwisho nimejifunza kwa dada yangu. Mtoto anayeogopa fimbo huficha kidonda. Siku ile hakumchapa.

Jana alinitumia picha ya daftari. Mpwa wangu amechora mistari na kuandika mbwa wa mtaa wao: rangi, mkia, masikio, nani anamfuga. Wako 11. Kwenye safu ya chanjo, wawili tu ndio wenye alama ya vema.